Kabla ya Kumlaumu Jirani, Chunguza Lishe ya Ng'ombe

SOMO LA VIKUNDI: KUVU KATIKA NYASI, NA JINSI INAVYOVURUGA UBONGO NA MAZIWA YA NG'OMBE



Somo la mwezi huu linahusu mifugo, lakini pia linahusu ulimi wetu. Niwaambie kwanza jambo lililotokea.

Kikundi kimoja cha akina mama ninachokitembelea kilikuwa na ng'ombe mmoja wa gredi. Walimnunua kwa michango yao ya kila wiki, wakakubaliana kumtunza kwa zamu, kila mama miezi mitatu. Zamu ilipomfikia mama mmoja mjane, ng'ombe alikuwa anatoa chupa 14 kwa siku. Baada ya wiki tatu zikawa chupa 6. Maneno yakaanza. Ati huyu mama anakama usiku na kuuza hotelini. Wengine wakasema ana jicho baya. Mkutanoni alilia, akaapa, lakini hakuna aliyemsikiliza. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeketi hapo hapo, nikanyamaza nikingoja mkutano uishe. Siku hiyo yule mama alitoka kikundini.

Ukweli ulijulikana baadaye, na nitausimulia mwishoni. Kwanza tujifunze kwamba maziwa ya ng'ombe yanaweza kupungua kwa sababu ambayo jicho halioni.

LENGO LA SOMO

Mwisho wa somo hili wanakikundi waweze:
(a) kueleza jinsi kuvu iliyo ndani ya nyasi inavyovuruga homoni na ubongo wa ng'ombe;
(b) kutambua hatari za aina hiyo katika lishe yetu hapa Kenya;
(c) kujua hatua za kuchukua maziwa yanapopungua, kabla ya kumlaumu mtu.

Muda: saa moja na nusu. Vifaa: kufuli moja na ufunguo wake, ufunguo mwingine unaofanana na huo lakini si wake, na hindi moja lililoota kuvu.

1. NYASI NZURI ILIYOWASHANGAZA WAKULIMA

Kisa cha kwanza kinatoka Marekani, kwa sababu huko ndiko jambo hili lilikochunguzwa sana.

Mwaka 1931 mwalimu mmoja wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Kentucky alionyeshwa nyasi fulani kwenye shamba la mlimani, wilaya ya Menifee. Ilikuwa nyasi ya feskyu, ambayo asili yake ni Ulaya. Ilikaa kijani wakati nyasi nyingine zimekauka, na ilishika udongo usichukuliwe na maji. Mwaka 1943 mbegu yake ilitolewa rasmi kwa wakulima kwa jina la Kentucky 31. Wakulima waliipokea kwa furaha. Leo nyasi hii imefunika karibu ekari milioni 35 za nchi ile.

Lakini malalamiko yalikuja upesi. Ng'ombe walikula majani mabichi na hawakunenepa. Wakati wa joto walihema kwa nguvu, wakatoa mate, wakasimama kutwa nzima kivulini au ndani ya bwawa badala ya kula. Manyoya yao ya baridi hayakudondoka, wakabaki na manyoya marefu machafu katikati ya jua kali. Mitamba wengi hawakushika mimba. Waliozaa walikuwa na maziwa kidogo. Wakati wa baridi kali, wengine walichechemea, ncha za mikia na masikio zikafa, na hata kwato zikang'oka.

Fikirini uchungu wa mkulima huyo. Ana majani, ana maji, anafanya kazi, na mifugo inadhoofika. Je, ni mvivu? Je, amerogwa?

Kwa zaidi ya miaka 30 sababu haikujulikana. Halafu katika miaka ya 1970 wataalamu waliitwa kwenye shamba moja jimbo la Georgia. Shamba hilo lilikuwa na malisho mawili ya feskyu. Ng'ombe wa upande mmoja walikuwa wagonjwa, wa upande wa pili wazima. Nyasi ilikuwa ile ile. Mtaalamu Charles Bacon na wenzake waliikata nyasi hiyo na kuitazama kwa darubini. Kumbe ndani ya nyasi ya upande wa wagonjwa mlikuwa na kuvu, karibu katika kila shina. Upande wa pili kuvu ilikuwa katika mashina machache tu. Walitangaza matokeo yao mwaka 1977.

Kuvu hii si kama ile tunayoiona kwenye mkate uliolala. Haionekani kwa nje. Haina harufu, wala haiachi doa kwenye jani. Inaishi katikati ya chembechembe za nyasi, inapanda na shina mpaka kwenye mbegu, na mbegu ikipandwa nayo inaota tena. Hairuki kutoka nyasi hadi nyasi.

Na haimdhuru mwenyeji wake, bali inamsaidia. Nyasi inailisha kuvu, na kuvu inatengeneza kemikali chungu zinazofukuza wadudu na kuisaidia nyasi kuvumilia kiangazi. Ndiyo sababu nyasi ile ilionekana kuwa hodari hivyo. Uhodari wake na sumu yake vilitoka mahali pamoja.

2. UFUNGUO WA BANDIA KATIKA UBONGO

Hapa mwezeshaji atoe kufuli na funguo mbili, aziweke mezani mbele ya watu wote.

Mwili wa ng'ombe, kama wetu, huongozwa na ujumbe. Ubongo hutuma kemikali, na kila kemikali ina mahali pake pa kuingia, kama ufunguo na kufuli lake. Kemikali moja ya ubongo inaitwa dopamini. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo inayotoa homoni nyingi, na moja ya homoni hizo ni prolaktini. Prolaktini ndiyo inayokitayarisha kiwele kutengeneza maziwa wakati wa kuzaa ukikaribia. Pia inahusika na kubadilika kwa manyoya majira yanapogeuka.

Sasa sikilizeni vizuri. Tezi ile ni kama mfereji ambao daima unataka kumwaga prolaktini. Dopamini ndiyo mkono unaoufunga mfereji. Ndama anaponyonya, dopamini hupungua kidogo, mfereji unafunguka, prolaktini inatoka. Baadaye dopamini inarudi na kufunga. Hivyo ndivyo Mungu alivyoupanga mwili, kila kitu kwa kipimo chake.

Kuvu ya feskyu hutengeneza kemikali inayoitwa ergovalini. Umbo lake linafanana na la dopamini. Ng'ombe akila nyasi ile, ergovalini inaingia katika damu na kwenda kukaa ndani ya kufuli la dopamini, na haitoki upesi. Tezi inadhani ubongo umesema, "Funga!" Basi inafunga, na inaendelea kufunga. Prolaktini katika damu inashuka sana. Ng'ombe hana kidonda, homoni yake imezimwa tu na ufunguo wa bandia.

(Mtu mmoja aje mbele, ajaribu kuingiza ufunguo usio wa kufuli hilo. Ukiingia na kukwama, ufunguo wa kweli hauna nafasi tena.)

Wataalamu walihakikisha jambo hili kwa njia rahisi. Waliwapa maksai waliokula nyasi yenye kuvu dawa inayozuia makufuli ya dopamini yasiguswe. Prolaktini ilipanda tena. Farasi jike wenye mimba ndio wanaoumia zaidi: mimba hupita siku zake, mtoto anakuwa mkubwa kupita kiasi, kondo la nyuma linakuwa nene, na kiwele kinabaki kikavu hata mtoto akizaliwa. Nao pia husaidiwa na dawa ya aina hiyo, au kwa kuwatoa kwenye malisho hayo mapema kabla ya kuzaa.

Ergovalini ina kazi ya pili. Inabana mishipa ya damu, hasa ile inayokwenda kwenye ngozi, miguu, masikio na mkia. Mwili hutoa joto kwa kupeleka damu kwenye ngozi. Mishipa ikibanwa wakati wa joto, joto linabaki ndani, ndiyo maana ng'ombe anakimbilia bwawani. Wakati wa baridi, damu haifiki kwenye kwato na mkia, na nyama ya huko inakufa. Kwa hiyo dalili zile mbili, za joto na za baridi, zina chanzo kimoja.

3. UKOO WA KUVU HII TUNAUJUA

Huenda mtu akasema, "Hayo ni ya Wazungu." La, ukoo wa kuvu hii unafahamika hata kwetu.

Kwanza, katika hospitali zetu. Mama akizaa na damu ikakataa kusimama, mkunga anaweza kumdunga sindano ya ergometrini. Dawa hiyo asili yake ni ergoti, kuvu ya nafaka iliyo ndugu ya kuvu ya feskyu. Inabana mji wa mimba na mishipa, damu inasimama. Kwa sababu hiyo hiyo mama mwenye shinikizo la damu hapewi. Kwa mkono wa mkunga na kwa kipimo, inaokoa maisha. Ikiwa ndani ya chakula bila kipimo, inaua. Huko Ulaya zamani watu waliokula mkate wa nafaka yenye ergoti waliungua miguu na mikono kama kwa moto, na ugonjwa ukaitwa Moto wa Mtakatifu Antoni. Mabruda wa Mtakatifu Antoni huko Ufaransa walijitolea kuwauguza. Hata majirani zetu wa Wollo, Ethiopia, waliteseka hivyo mwaka 1977 na 1978, baada ya magugu yenye ergoti kuchanganyika na nafaka yao.

Pili, katika Injili. Mnakumbuka mfano wa magugu katika Mathayo sura ya 13, adui alipopanda magugu katikati ya ngano usiku. Wataalamu wengi wanaamini gugu hilo ni nyasi inayofanana kabisa na ngano mpaka itoe masuke. Mbegu zake zikisagwa na ngano, mlaji huona kizunguzungu kama mlevi. Mwaka 1898 wachunguzi waliona kuvu ndani ya mbegu hizo. Na gugu hilo ni jamaa wa karibu wa feskyu! Angalieni pia kwamba mwenye shamba aliwakataza watumishi wasing'oe kwa haraka, wasije wakang'oa na ngano. Yule mama mjane tulimng'oa kwa haraka.

4. JE, HAPA KWETU HATARI IKO WAPI?

Nyasi tunazotegemea zaidi ni nepia, boma rhodes na nyasi ya Kikuyu. Kwa hiyo msiende nyumbani kung'oa malisho yenu. Somo la feskyu ni mfano wa kutufungua macho, kwani sisi tuna kuvu zetu.

Mtama. Wakati mtama unatoa maua na hali ya hewa ni baridi na unyevu, masuke mengine hutoa matone yanayonata, matamu kama asali. Hiyo ni ergoti ya mtama. Hapa Kenya iliandikwa katika kumbukumbu tangu mwaka 1924. Ilipofika Australia mwaka 1996, nguruwe waliozaa walikosa maziwa na watoto wao wakafa kwa njaa, na ng'ombe wa maziwa pia wakapungukiwa. Sababu ni ile ile ya mfereji kufungwa. Masuke ya namna hiyo msiwape wanyama wenye mimba wala wanaonyonyesha, na mama mwenye mimba asiyale.

Mahindi yenye kuvu ya waridi au nyekundu. Kuvu hii huota hasa sehemu za baridi na mvua nyingi. Aina moja hutengeneza sumu inayoitwa zearalenoni, inayojifanya homoni ya kike. Hapa ufunguo wa bandia unaingia katika kufuli lingine. Nguruwe jike anavimba nyuma kama yuko kwenye joto na kumbe hayuko. Mtamba anaweza kuota kiwele kabla ya wakati, na ng'ombe wanakataa kushika mimba.

Mahindi yenye aflatoksini. Mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafariki. Sumu hii inaharibu ini. Ng'ombe akiila, sehemu yake inapita katika maziwa, na kuchemsha maziwa hakuiondoi. Basi ule msemo wetu wa kila siku kwamba mahindi yaliyooza si ya watu, wapewe ng'ombe, si wa kweli. Anachokula ng'ombe jioni, mtoto anakinywa asubuhi.

5. WENZETU WALIFANYA NINI?

Wamarekani walipopata sababu, walipanda feskyu isiyo na kuvu. Katika majaribio ya jimbo la Alabama, maksai waliolishwa nyasi safi waliongezeka uzito karibu maradufu ya wale wa nyasi yenye kuvu. Watu wakashangilia. Lakini nyasi iliyonyimwa kuvu yake ilikuwa dhaifu. Kiangazi kilipokuja na ng'ombe wakaila hadi chini, ilikufa. Hatimaye wataalamu wa New Zealand na Georgia walipata kuvu nyingine isiyotengeneza ergovalini, lakini inayosaidia nyasi kuvumilia. Mbegu hiyo inauzwa tangu mwaka 2000.

Si kila mkulima aliweza kununua mbegu mpya. Wengi walitumia njia za kawaida. Walichanganya nyasi na mimea jamii ya kunde, ili sumu isiwe nyingi tumboni. Walikata nyasi kabla haijatoa mbegu, maana sumu nyingi hukaa kwenye masuke. Waliwahamisha wanyama wakati wa joto na wakati wa kuzaa. Njia hizi hazihitaji mkopo.

6. HATUA ZA KUCHUKUA

(1) Wekeni daftari la maziwa. Andikeni kila siku, asubuhi na jioni, pamoja na chakula alichopewa. Daftari halina chuki.

(2) Maziwa yakipungua, anzeni na mambo ya kawaida: maji yanatosha? Kiwele kina uvimbe au maziwa yana mabonge? Ana homa, ana kupe? Mimba imekua na wakati wa kukausha umefika? Si kila ng'ombe anayepungua maziwa amekula kuvu.

(3) Kisha chunguzeni lishe. Fungueni gunia mpaka chini. Nusa, pasua, angalia rangi. Ulizeni ni lini gunia jipya lilifunguliwa na maziwa yalianza kupungua lini.

(4) Mkishuku lishe, iondoeni yote na mpe ng'ombe nyasi safi. Wekeni kidogo ndani ya karatasi kavu mwonyeshe afisa wa mifugo.

(5) Msitegemee chakula cha aina moja. Changanyeni nepia na viazi vitamu, kaliandra au desmodiamu.

(6) Kaushieni mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta. Yaliyoota kuvu yasiliwe na mtu, ng'ombe wala kuku, na yasipikiwe pombe. Yazikwe mbali na kisima.

UKWELI ULIVYOJULIKANA

Yule ng'ombe alipohamishiwa kwa mama mwingine, maziwa yalirudi. Basi wakasema, "Si mnaona? Yule alikuwa mwizi." Zamu ya mama wa tatu ilipofika, maziwa yakashuka tena. Huyu alikuwa mke wa mzee wa kanisa, hakuna aliyethubutu kumwita mwizi. Ndipo wakamwita afisa wa mifugo. Aliuliza swali moja tu: "Huyu ng'ombe anakula nini hapa ambacho kule hakuli?"

Mama wa pili alikuwa na shamba kubwa la nepia. Mjane hakuwa na shamba, na yule wa tatu nepia yake ilikuwa imeisha. Wote wawili walichukua mahindi ya kusaga kutoka ghala la kikundi. Afisa alitoa gunia la chini, lile lililonyeshewa. Ndani lilikuwa limeshikana, la kijani na la waridi. Gunia lilikuwa la kikundi chote, na ghala ni sisi tuliolifunga.

Tulikwenda kwake watu wanane kuomba msamaha. Alitukaribisha, akatupikia chai, akasema amesamehe. Lakini kikundini hakurudi. Ng'ombe alipona kwa wiki chache tu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Je, katika kijiji chetu kuna mtu aliyewahi kulaumiwa kwa sababu mnyama aliugua au maziwa yalipungua? Nani aliuliza kuhusu lishe?
2. Mahindi yaliyooza nyumbani kwako huenda wapi?
3. Nani anaingia ghala la kikundi chetu, na lilikaguliwa lini mara ya mwisho?
4. Ni nani katika kikundi hana shamba la nyasi? Tufanye nini ili zamu yake isiwe mzigo?
5. Mtu akishtakiwa mkutanoni, nani ana wajibu wa kusema, "Ngojeni kwanza"?

Kabla ya kuachana, kikundi kichague watu wawili wa kukagua ghala wiki hii, na mmoja wa kuanzisha daftari. Mkutano ujao walete taarifa.

Mungu awabariki pamoja na mifugo yenu.